Gunia la Mwalimu

Tulimzika Mwalimu Ijumaa iliyopita, na kile kipaza sauti bado kinanichosha hadi leo. Mwanasiasa mmoja aliyekuja na magari matatu alimsifu marehemu kuwa ndiye mpinzani wa kwanza wa eneo letu, shujaa aliyewatangulia wenzake. Watu wakapiga makofi. Wengine wao, rafiki yangu, ni wale wale waliomwita mpinzani zamani, ila siku zile lilikuwa tusi. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikiwaza juu ya gunia.

Kituo cha kununulia majani chai kilikuwa chini ya boma letu, kando ya njia ya Sotik. Kilikuwa na paa la mabati, meza ndefu na mizani iliyoning'inia. Mvua ya alasiri ilipiga yale mabati mpaka karani akalazimika kupaaza sauti kama anayegombana na mtu. Nyanya alinifungia viazi vitamu kwenye jani la mgomba, na chupa ya chai ya maziwa yenye harufu ya moshi wa jikoni. Utomvu wa chai ulitia vidole vyetu weusi ambao sabuni haikuuweza. Lori lilichelewa kila siku, nasi hatukuona ajabu.

Hapo kituoni hakuna aliyechambua gunia lake mwenyewe. Jirani alimwaga majani yako mezani, akatoa yaliyokomaa na vijiti, nawe ukamchambulia yake, maana kila mtu huyahurumia majani yake. Karani hakupima gunia ambalo halijapitia mikono ya mwingine. Nyanya na Mwalimu, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, walichambuliana tangu kabla sijazaliwa, na walibishana muda wote. Sikufichi, Mwalimu alikuwa mtu wa kuchosha. Aliwasahihisha wazee Kiswahili chao, na hata urefu wa sala ya chakula alikuwa na maoni juu yake.

Mwaka ule wa uchaguzi, watu wa chama kingine walitaka kufanya mkutano kwenye uwanja wa shule. Vijana wakasema wataweka mawe barabarani. Kwenye baraza la chifu Mwalimu akasimama, nami nilikuwa nimeketi kwenye nyasi karibu na nyanya.

"Kura yangu mnaijua, ni kama yenu," alisema. "Lakini wacheni hao watu waongee. Wakimaliza si wataenda?"

Basi, hayo tu. Kufikia Jumatatu habari iliyofika kituoni ilikuwa neno moja: mpinzani. Ile nusu ya kwanza ya maneno yake hakuna aliyeibeba. Mama mmoja alisema amelipwa, mwingine akasema mke wake ana ndugu kule ziwani, kwenye ngome ya chama kile, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku hiyo nyanya aliumwa mgongo, akanituma peke yangu. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya gunia lake, na watu walipita kando yake kama vile hayupo. Aliponiona aliinuka, akamwaga majani yetu mezani, akayachambua bila haraka, mpaka yakabaki machipukizi laini tu, kila moja na majani yake mawili. Karani akapima. Sasa ilikuwa zamu yangu.

"Wewe mtoto," mama mmoja aliniita, "nyumbani kwenu pia ni wapinzani?"

Mikono yangu ilikuwa tayari kwenye kamba ya gunia la Mwalimu. Nikaiondoa. Nikajifanya natafuta kifuniko cha chupa. Lori lilikuja, likaondoka. Majani yake yalikuwa yameanza kupata joto na kugeuka mekundu ndani ya gunia, naye akalibeba mgongoni akapanda kilima.

Jioni nyanya aliniuliza kama nilimchambulia Mwalimu. Nikasema ndiyo. Kesho yake alimuuliza Mwalimu mwenyewe kupitia ua, nami nikasimama nyuma ya mlango nikisikiliza.

"Mtoto alifanya kazi safi, mama," alijibu.

Nyanya alikufa akiamini hivyo. Kituo nacho kimefungwa, mlango una kufuli yenye kutu, na siku hizi kila mtu huchambua yake nyumbani kwake. Nakikumbuka kwa uchovu zaidi kuliko furaha. Lakini pale kituoni, ulipompa mtu jina la tusi, ulilazimika kukaa naye mkingoja lori, ukamwona usoni. Sasa majina yanarushwa kwa simu, na anayeyarusha yuko Nairobi amejifunika blanketi.

Kabla ya kaburi kufunikwa, msimamizi aliuliza kama kuna jirani mwenye neno. Nilisimama. Nilitaka kusema kwamba Mwalimu hakuwa shujaa wa chama chochote, kwamba alipiga kura kama sisi, na kwamba kosa lake lilikuwa kutaka wengine wasikilizwe. Nilitaka kusema habari ya gunia. Yule mwanasiasa alikuwa akinitabasamia. Wale akina mama wa kituoni, sasa wazee, walikuwa wakinitazama vile vile kama siku ile.

Nikasema alikuwa jirani mwema, nikarudisha kipaza sauti. Ni mara ya pili kuliacha gunia lake pale chini.