Neno Lililokatazwa kwa Mama Stara

Mtaa mzima ulimwita Mama Stara, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Alikuwa fundi wa suruali, kazi yake kupima watu viuno na mapaja kutwa nzima, lakini hukuwahi kumsikia akitaja kiungo chochote kilicho chini ya kitovu. Kwake kulikuwa na mbele, nyuma, na hapo kati, basi. Mteja akilalamika kwamba nguo inambana, Mama Stara alimuuliza kama inabana hapo kati, macho yake kwenye futi kamba, na mteja akiitikia yakaisha. Mabinti aliokuwa akiwafundisha kushona walimcheka kichinichini. Usoni, nani athubutu?

Asubuhi moja kitinda mimba wake, kijana wa darasa la saba, aligoma kunywa chai. Alisema tumbo. Alikuwa amejikunja kitandani, jasho linamtoka na mwili hauna homa. Mama akamchemshia tangawizi, akaitapika yote. Tumbo upande gani? Huku chini. Tangu lini? Tangu jana jioni. Sasa mbona hukusema? Akageukia ukutani. Mama Stara akafunga duka, yeye ambaye hata msibani huenda na sindano yake, akamkokota mwanawe hospitali.

Kwenye benchi la wagonjwa, kumbe, alikuwepo mkwe wake, baba wa mume wa binti yake mkubwa, mzee wa suti na adabu zake. Wakasalimiana kwa kuinamishiana vichwa, kama kawaida yao, wakaacha nafasi kubwa katikati.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye haraka. Akambonyeza mtoto tumbo, akauliza amekula nini. Akauliza pia, na hapa tumpe haki yake, kama kuna mahali pengine panapouma. Kijana akamtazama mama yake, kisha akatazama sakafu, akasema ni tumbo tu. Na mama mtu, pale pale, akaongeza kwamba huyu akiona matunda mabichi hana breki. Wakaandikiwa dawa za tumbo, wakatoka.

Mama Stara ana kasoro zake, lakini suruali anaijua. Mwanawe alipoinuka kwenda dirisha la dawa, alimwona anatembea amepanua miguu, kitambaa kimemvutika upande mmoja tu. Tumbo halimtembezi mtu hivyo. Akamvutia pembeni, karibu na mabomba ya kunawia.

"Niambie ukweli. Panauma wapi?"

"Huko."

"Huko wapi?"

Machozi yakamtoka kijana. "Mama, nikisema utanipiga."

Na hakusingizia. Mwaka wa nyuma alirudi kutoka uwanjani akamwambia mama yake, mbele ya wateja, kwamba mpira umempiga pumbu. Alikula makofi mpaka wateja wakaomba yaishe, kisha akasukutulishwa maji ya chumvi. Na pumbu ni nini, kwani? Ni kiungo, kama goti, kama kisigino. Kila mwanamume kazaliwa nalo na hakuna aliyeliomba. Lakini neno limeburuzwa vijiweni hadi likageuka tusi, na sisi wenye heshima zetu tukalifungia mlango. Liko jingine la staha, korodani, la redioni na vitabuni. Hilo nalo Mama Stara hakumfundisha. Alimnyang'anya mtoto moja, hakumpa lingine. Inaniudhi mpaka leo.

Mama Stara akaelewa, akarudi mbio kwenye mlango wa daktari. Muuguzi aliyesimama pale akamwambia ameshahudumiwa, awapishe wengine. Mama Stara akasema mtoto hali yake mbaya. Inauma wapi? Huku chini, akasema, hapa, hapo kati. Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba ndiyo hilo tumbo, dawa ameandikiwa, ampe muda. Foleni ikaanza kunung'unika. Mkwe wake alikuwa anamtazama. Mama Stara alilitafuta lile neno la redioni, akalitafuta kila pembe ya kichwa chake, lisionekane. Alikuwa nalo moja tu.

"Pumbu," akasema.

Muuguzi akakodoa macho.

"Pumbu la mwanangu limevimba. Linamuuma tangu jana jioni."

Benchi zima likageuka. Kuna mmoja alicheka puani. Mkwe akainamia viatu vyake. Muuguzi, Mungu ambariki, hakucheka. Alisukuma mlango, akasema maneno mawili kwa daktari, na yule kijana mwenye haraka akatoka kwa haraka inayostahili.

Daktari wa upasuaji, mama wa makamo, alimweleza huku kitanda kinasukumwa. Korodani ya kushoto ilikuwa imejisokota kwenye mshipa wake, damu haifiki. Mama Stara akauliza kama itapona.

"Angeletwa jana, ningekwambia ndiyo."

Akabaki kwenye korido, anaogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa. Baadaye mtu akaja kukaa kando yake, karibu kabisa. Alikuwa mkwe. Akasema pole, na hakuondoka. Wakakaa hivyo, watu wawili walioheshimiana miaka yote hadi wakashindwa kuzungumza.

Haikupona. Ilibidi itolewe.

Mwanawe alipozinduka, Mama Stara alimwambia mwenyewe, hakumwachia muuguzi. Alimwambia kwamba ametolewa korodani moja, ya kushoto, ilikuwa imeshakufa. Kwamba ya kulia ni nzima na inatosha, ataoa, atazaa akitaka. Kila kitu alikitaja kwa jina lake. Kijana alisikiliza, macho darini.

"Mama," akasema, "jana ningekwambia, ungenipiga?"

Alitaka kusema hapana. Mdomo ulishafunguka tayari kwa hiyo hapana, na mtoto alikuwa anamtazama, anaingoja.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ningekupiga."