Anayewaamkia Maiti

Yule mhudumu wa mochwari ana mikono mikubwa kama makasia, lakini droo za maiti huzivuta taratibu, kama anaogopa kuamsha mtoto. Humwamkia kila maiti. Na mgeni asipoamkia, hafunguliwi droo. Siku hizo watu walikuwa wanauawa, figo zao zinauzwa kwa magendo, hata maiti hawakusalimika, basi nikakaa kwenye benchi lake kumlinda marehemu mke wangu mpaka tumzike.

Adhuhuri akaingia mtu wa koti jeupe na sanduku la barafu, akasimama mbele ya droo ya mke wangu. "Nimetumwa figo za huyu mama. Fungua haraka!" Mhudumu akamwambia, "Mwamkie kwanza, daktari." Jamaa akasonya, akaiinamia droo. "Haya, shikamoo, mama." Nyuma yake mhudumu akabana pua, akaitikia kwa sauti nyembamba ya kike: "Marahaba, mwanangu." Jamaa alitoka mbio, akatuachia sanduku na kiatu kimoja. Mhudumu akanigeukia. "Nisamehe, mzee wangu. Nimemwitikia mama bila ruhusa yako." Nikamwambia, "Umeitikia vizuri. Ila yeye angemuuliza kama ameshakula."