Wanawake Mia na Sitini na Wanne

Bwana Josias alifika Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wakati wa likizo ya Pasaka akiwa na shahada mbili, gari lenye kiyoyozi, na idadi ya washiriki aliyokwisha kuiamua njiani. Mradi wake ulitaka kujua kama ndagala, dagaa wa ziwa hilo, wanaoanikwa juu ya chanja za waya huharibika kidogo wakati wa mvua kuliko wanaotandazwa mchangani. Kwa kazi hiyo nzito alichagua wanawake kumi na wawili wanaoanika samaki, sita kila upande. Mwanvua, mwalimu wa hesabu aliyeajiriwa kuandika majibu, alimwuliza idadi hiyo imetoka wapi. Akajibiwa, kwa upole wa msomi, kwamba mitume nao walikuwa kumi na wawili, na dunia waliigeuza.

Mwanvua hakubishana na mitume. Alizaliwa mtaa wa Waswahili, kwa Waislamu, akafunzwa kuheshimu dini za watu. Ila mchana huo, mkubwa wake alipokuwa akipumzisha uchovu wa kusalimiana, alikwenda kwa Cibalonza, mama wa Kikongo aliyeuza ndagala pale ufukoni tangu avuke kutoka Kivu, akamwuliza mvua ikinyesha mzigo wa samaki huoza mara ngapi. Mchangani, mama alisema, mara nne katika kumi; juu ya chanja, akikisia, mara mbili. Mwanvua akakaa na daftari. Ili utafiti uwe na nafasi nane kati ya kumi ya kuiona tofauti kama hiyo, ikiwa ipo kweli, walihitajika wanawake themanini na wawili kila upande. Kwa wale sita sita, nafasi haikufika hata moja kati ya kumi.

Bwana Josias aliisoma karatasi, akausifu mwandiko, akaikunja mara nne na kuitia chini ya meza iliyokuwa ikiyumba. Kwa haki, meza ilitulia.

Mvua ikanyesha. Mchangani iliharibika mizigo miwili, kwenye chanja mmoja. Mtaalamu akaandika kurasa arobaini kuthibitisha kwamba chanja hazina faida yoyote, kisha akaagiza zing'olewe. Mwanvua aliletewa ripoti atie sahihi. Hakuwa amewahi kumpinga mkubwa wa kazi, lakini kalamu aliirudisha mezani.

"Hatukuona tofauti, Bwana Josias," alisema. "Hiyo si sawa na kusema haipo."

Aliambiwa arudi kwa watoto wake wa shule, wanaopenda mafumbo. Akaondoka na aibu yake hadi kwa Cibalonza, akitaraji kupewa pole. Cibalonza hakuacha kugeuza samaki.

"Mwalimu, wavu wa matundu makubwa ukikosa ndagala, utasema mu ziwa hamuna ndagala? Sema unataka wanawake wangapi."

"Mia na sitini na wanne."

"Basi kazi iko. Tuanze Magara."

Mvua za Oktoba ziliwakuta tayari. Kila Jumamosi walishuka ufuko mmoja hadi mwingine, Magara mpaka Nyanza-Lac, na kwa kuwa hawakuwa na mradi wala waya, chanja zilifungwa kwa miti na nyavu kuukuu. Kila ufuko walipiga kura: nusu wavu, nusu mchanga. Shangazi yake Mwanvua, Mama Sharifa, aliangukia mchanga, akaomba abadilishiwe kama ndugu. Mwanvua alikataa. Mzigo wa shangazi ulioza, na kwa mwezi mzima salamu zake zilijibiwa na mgongo. Hilo lilimuuma kuliko ripoti.

Mwishowe mchangani iliharibika mizigo thelathini na mmoja, juu ya nyavu mizigo kumi na mitano. Mwanvua aliirudia hesabu mara tatu, kisha akamtumia Bwana Josias. Mtaalamu alifurahi mno. Miezi miwili baadaye alihutubia katika hoteli moja ya Bujumbura kuhusu umuhimu wa kuwa na washiriki wa kutosha, jambo ambalo, alisema, amelisisitiza maisha yake yote. Mwanvua alialikwa akagawe karatasi mlangoni.

Hakwenda. Siku hiyo alikuwa Kigwena, ameketi kwenye gogo la mchikichi kati ya wanawake waliokuwa wameletewa jiko jipya la kukaushia samaki kwa moshi, la ajabu, lililosifiwa sana na muuzaji wake. Kabla hawajakubali kulinunua, walitaka Mwalimu awaambie jiko lijaribiwe mara ngapi ndipo waamini. Mama Sharifa, aliyekuja naye, ndiye aliyeshika daftari.