Jembe la Ijumaa Kuu

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, tukikaa Buterere, pembezoni mwa mji, pale mashamba ya mpunga yanapoanza, na nilijua habari za Roma kuliko za mtaa wa pili. Nilijua kwamba kengele ya parokia hunyamaza Alhamisi Kuu kwa sababu imesafiri kwenda kwa Papa, na kwamba itarudi usiku wa Pasaka. Mdogo wangu aliitwa Goreth, jina la mtakatifu wa Italia, nchi ambayo kwetu hakuna aliyewahi kukutana na mtu aliyetoka huko, isipokuwa padri mmoja mzee. Hata majirani zetu Waislamu walituuliza Kwaresima imebaki wiki ngapi, kama sisi tulivyowauliza juu ya mwezi wa Ramadhani. Sikuona ajabu yoyote. Mtoto hashangai maji anayokunywa kila siku.

Katika hayo yote, lililotutisha zaidi lilikuwa hili: Ijumaa Kuu ardhi haipigwi jembe. Aliyetufundisha ni Bibi, mama yake baba, tuliyekaa naye nyumba moja. Alisema siku ile mwili wa Bwana umelala ardhini, na anayechimba anamchoma ubavu mara ya pili. Udongo hutoa damu. Tena aliyechimba amefungua shimo, na mtu wa nyumba yake ataingia humo kabla Pasaka haijapita. Hakuyasema kwa ukali. Alikuwa akipepeta mchele, akasema kama mtu anavyosema kesho ni siku ya soko.

Mwaka ule mvua za Aprili zilitukuta vibaya. Mtaro wa nyuma ya nyumba, ambao ndio uliopeleka maji mpungani, ulikuwa umeziba kwa mchanga na chupa za plastiki. Wiki nzima mama alisema atauzibua, na wiki nzima alirudi na giza kutoka kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Baba alikuwa mlinzi kwa tajiri mmoja kule Kiriri, mtaa wa wenye mali, akilala hukohuko, akija nyumbani Jumamosi tu.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu wingu lilikaa juu ya Gihosha, jeusi kama sufuria. Mvua ikinyesha kule mlimani, maji hushukia kwetu. Mama alilitazama, kisha akatazama ukuta wa chumba chetu, wa matofali mabichi, ambao chini ulikuwa umekwisha lowa. Akaenda kuchukua jembe.

Nilimfuata. Alipiga mara chache tu. Udongo ulitoka mweusi, wenye harufu. Damu sikuiona, na nakumbuka niliitafuta sana kwa macho.

"We Mama Jeanne!" Bibi alikuwa mlangoni, na Jeanne ni mimi. "Unatafuta nani mule?"

"Maji itatuingilia, mama."

"Maji ikiingia, inatoka. Mutu akiingia mu shimo, anatoka?"

Mama akasimama na jembe mkononi. Ndipo mzee Hamisi, jirani yetu fundi wa magari, alipochungulia juu ya ua wa matete. Alikuwa amesikia yote, maana matete hayazuii neno.

"Mama Jeanne, lete hiyo jembe huku. Mi niko Muislamu. Yesu wenu akiuliza, mumuambie ni Hamisi, anikute kwa garaji."

Mama alicheka. Bibi hakucheka.

"Hamisi, udongo haiulizi dini ya mutu. Inauliza shimo ni ya nyumba gani."

"Haya. Basi mi nachimba upande yangu. Leo ni Ijumaa yangu pia, lakini sijasikia kama mvua inaendaka kusali."

Akachimba upande wake mpaka saa ya msikiti. Mama akabaki amesimama, jicho kwa wingu, jicho kwa mkwe wake. Nilijua anataka kuendelea. Halafu akaliingiza jembe ndani, akalisimamisha nyuma ya mlango, akatuvalisha nguo za kanisa. Tone la kwanza lilitupata kwenye Njia ya Msalaba, tumepiga magoti, tukiimba.

Ilinyesha jioni nzima na usiku wote. Jumamosi asubuhi ikapungua, tukafurahi, tukadhani tumepona. Maji ndani yalifika kwenye vifundo vya miguu. Bibi aliyachota kwa bakuli akiyamwaga nje, mama na mimi tulikuwa tukihangaika na mkaa uliolowa pale nje chini ya bati. Goreth tulimwacha kitandani, karibu na ukuta ule, kwa sababu pale juu palikuwa pakavu na alikuwa amelala vizuri.

Ukuta haukupiga kelele kubwa. Uliketi tu, kama mtu aliyechoka.

Hamisi ndiye aliyemtoa. Aliondoa matofali kwa mikono, akatoka naye amemlaza juu ya mikono yake, akisema kwa sauti ya chini "Inna lillahi", kwa kuwa hiyo ndiyo sala aliyokuwa nayo. Alikuwa na miaka mitatu, Goreth wetu. Tulimzika siku ileile bila kengele, kwa sababu kengele ilikuwa bado Roma.

Bibi hakumgombeza mama. Alisema mara moja tu, mbele ya wanawake wa jumuiya waliokuja kulia nasi: "Nilimukataza. Lakini alikuwa amekwisha kufungua."

Ilitosha. Kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulijua. Wanawake walimsalimia mama kwa ncha za vidole. Katekista alisikia, akainamisha kichwa. Naye alikuwa na bibi yake aliyemfundisha hayohayo. Tangu hapo mama hakupokea komunio tena. Kila Jumapili alibaki kwenye benchi, akisogeza magoti pembeni ili sisi tupite kwenda mbele.

Baadaye sana, baba, ambaye maneno ya mtaa hayakumfikia kule Kiriri, alisimulia bila kujua anasimulia nini. Alisema Ijumaa ileile, Kiriri, bosi wake aliwachimbisha vijana bustani mpaka mchana, kisha akaoga, akavaa shati jeupe, akaenda kubusu msalaba.

"Na watu wa nyumba yake?" mama aliuliza.

"Wako salama. Kwa nini?"

Mama aliendelea kuchambua maharagwe.

Sasa mimi mwenyewe nina mtoto. Mwaka huu nilihudhuria mafundisho ya wazazi kabla ya ubatizo, kwa padri kijana aliyesoma Ulaya. Mimi si mtu wa kuuliza mbele za watu. Nilingoja wenzangu watoke, nikamwuliza kama ni kweli kuchimba Ijumaa Kuu kunaleta kifo.

Alicheka, si kwa ubaya. "Apana, mama! Hiyo Kanisa haifundishi. Kule Ulaya pia mabibi wa vijijini walikuwa wanaisema hivyohivyo. Labda mapadri wa zamani waliileta mu mizigo, pamoja na mbegu za kabichi."

Nilicheka naye kwa adabu. Hofu ya bibi wa watu wengine, katika kijiji nisichokijua, ilivuka bahari, ikapanda mpaka kwetu, ikakaa ndani ya nyumba yetu kama ndugu. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatembea haraka kwenda kwa mama. Nilitaka kumwambia: mama, jembe lako halikuua mtu. Nenda kapokee komunio.

Nilikuwa nimekwisha shika mlango nilipoelewa. Miaka yote hii mama anaamini Goreth alikufa kwa sababu alichimba. Nikimwambia maneno ya padri, ataelewa upesi kuliko mimi: Goreth alikufa kwa sababu aliacha kuchimba. Jembe lilikuwa mkononi mwake, jirani aliomba kumsaidia, naye akaliingiza ndani. Hatia ya kwanza amekwisha kuizoea, ameiwekea sala zake na benchi lake. Hii ya pili ningempa mimi, mtoto wake, na sina mahali pa kumwonyesha aipeleke.

"Umechelewa," mama alisema, akinyoosha mikono kumpokea mjukuu. "Padri amesema nini?"

"Amesema tumvalishe nguo nyeupe."