Nilivyofufua betri ya baba mkwe kwa vijiti vya kaboni

Mwangaluka wakuu.

Hii haijaongezwa chumvi. Kilichoongezwa ni asidi.

Ni enzi zile za ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba wamemwagika mpaka Kasoli, na kila aliyeuza vizuri ana redio kaseti inayotumia betri ya gari. Mimi nilikuwa nachaji betri kwa jenereta pale Bariadi mjini.

Nilikuwa naposa pia. Mzee alitaka ng'ombe ishirini, nikabishana naye siku mbili, hakusogea.

Bahati nzuri betri yake ilikuwa na chumba kimoja kibovu, plates zake za risasi zimeoza.

"Baba, nikiifufua, punguza mmoja."

"Ikiimba siku ya harusi, wa ishirini baki naye."

Plates mpya mpaka Mwanza. Nikapasua betri za tochi zilizokufa, nikatoa vile vijiti vyeusi vya katikati, ishirini na vinne. Nilihesabu mara mbili. Kaboni haishiki kutu, nani asiyejua?

Na nilifanya test, msinidharau. Siku tatu ndani ya asidi baridi. Vikatoka vile vile.

Fundi jirani yangu, Shija, akacheka. "Hapo umempima ng'ombe amelala. Mfunge plau umwone."

Nikamwambia wivu utamuua.

Nikafunga kwenye kile chumba kibovu kumi na viwili chanya, kumi na viwili hasi. Nikakaza chaji ili iwahi. Saa nane mchana betri haishikiki kwa joto, asidi nyeusi tii.

Nikafungua. Vya hasi vyote vizima. Vya chanya, vinne vimekonda kama njiti za kiberiti, vinane sijaviona mpaka leo. Chini tope.

Shija akanieleza bila haraka: upande wa chanya umeme unatoa oksijeni kwenye maji ya asidi, hiyo inakula kaboni, na joto linaizidishia njaa.

"Kutu kweli haikushika, mkwe wa watu. Imegeuka hewa."

Akaongeza kwamba hata vingepona, visingetunza chaji. Asante sana.

Harusini tulicheza ngoma. Mzee hakufoka. Aliniuliza mbele ya ndugu zake, taratibu:

"Ulivipima?"

"Nilivipima, baba."

"Vikiwa baridi?"

"Baridi."

Kesho yake wa ishirini akaswagwa kwenda kwa mzee. Na ndama wake, fidia ya betri.

Nilichojifunza: kitu cha kufanyia kazi kwenye joto na umeme, kipime humo humo.

Mliowahi kupima kitu kimelala, semeni hapo chini. Shija, kama umo humu, nyamaza.