Kikokotoo Kilichochota Ndoo Tupu

Nilitaka Mama Neema, mfuga nyuki wa hapa Inyonga, amruhusu binti yake ajiunge na darasa langu la kompyuta. Nikamwonyesha kikokotoo nilichokipa maagizo: toa lita mbili za asali, rudia mpaka ibaki sifuri. Nyumbani nilikuwa nimekijaribu kwa lita ishirini, kikasimama vizuri.

Kwake mgeni huonjeshwa kwanza. Tulionja, mimi zaidi, ndoo yake ya lita ishirini ikabaki na lita kumi na tisa. Sasa, ukitoa mbili mbili kwenye kumi na tisa, sifuri huigusi, unairuka. Ningekiambia kisimame zikibaki pungufu ya mbili. Sikukiambia.

Nikakiingizia kumi na tisa. Kikafika moja, hasi moja, hasi mia na moja. Nikatabasamu kitaalamu.

Mama Neema akaniambia, “Mwalimu, ndoo imekauka, hiki chako bado kinachota. Mwanangu ukimfundisha hivi, atajua saa ya kurudi nyumbani?”