Ngozi Chini ya Klachi

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mimi na jirani yangu Mmasai tulinunua pikapu kuukuu kwa pamoja. Yeye alipeleka mbuzi soko la Kajiado. Mimi, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi niliyepanga nyumba Noonkopir, hapo Kitengela, nilibeba mapipa ya maji kwa watu ambao mifereji yao ilikuwa pambo tu. Leo yeye, kesho mimi, na hatukuwahi kugombana.

Siku gari lilipofika kwao, mama yake alitoa mbuzi achinjwe. Ngozi ilipokauka aliitandaza kwa mikono yake mwenyewe chini ya usukani, mahali kutu ilikuwa imetoboa sakafu na vumbi la Kitengela linaingia kama limealikwa.

Baada ya mvua, gari likaanza kutetemeka. Likiwa limesimama na injini inanguruma, lilikuwa sawa. Shida ilikuwa pale unapoachilia klachi uondoke na gia ya kwanza: gari zima linashikwa na homa, mapipa yanagongana huko nyuma. Halafu gia zikawa ngumu kuingia. Riva, ile gia ya kurudi nyuma, ilisaga mpaka mama wa mboga kando ya barabara akaziba masikio.

"Ni hizo gambuti zako za mpira," jirani aliniambia. "Unalaza mguu juu ya klachi kama mtu anazuia kuku asitoroke."

"Na akala zako je? Soli ya tairi! Hata ukikanyaga msumari huwezi kujua."

Mara ya kwanza tulicheka. Baadaye hatukucheka tena. Asubuhi moja alinirudishia ufunguo, akasimama kidogo, akasema, "Afadhali tuuze hii gari, tubaki majirani."

Neno hilo liliniumiza kwa sababu alilisema kwa upole. Na sikuwa na uhakika wa kumjibu. Shule niliiacha mapema, na gari nilijifunza ukubwani. Mtu akisema mguu wangu ni mbaya, mimi huwa naanza kwa kumwamini. Nilimwomba tu twende kwa fundi sote wawili, ili kama ni mguu wangu, aambiwe mbele yangu.

Fundi alisikiliza riva ikisaga, akasema gia boksi imekwisha, ishushwe. Simlaumu, kwa kelele ile hata wewe ungesema hivyo.

"Utajuaje ni boksi na si mguu wa mtu?" niliuliza. Haukuwa ujuzi, ulikuwa woga.

Akanitazama, akazima injini, akashika gia. Moja, mbili, tatu, nne, riva: zote ziliingia laini kama mwiko kwenye uji. Akawasha tena, akakanyaga klachi, akajaribu riva. Ikasaga.

"Aa. Basi boksi iko sawa," alisema, akijipinga bila aibu. "Klachi ndiyo haiachii. Mnakanyaga, lakini injini bado inazungusha boksi. Hapo gia itaingiaje?"

Aliinama, akasukuma pedali kwa mkono. Ilishuka, ikagota.

"Na hapa si mwisho wake. Inagonga hii kitu."

Ilikuwa ile ngozi. Ilikuwa imekunywa tope la miguu yetu, ikakauka, ikavimba, ikawa ngumu kama ubao. Fundi alichukua bisibisi aibandue. Nikamshika mkono.

"Hiyo usiguse. Ni ya mama yake."

Jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingiza kichwa. "Kwani ulijua inagonga?"

"Nilijua inagusa. Lakini zawadi ya mama ya mtu, mimi mgeni niitoe vipi?"

Akaanza kucheka taratibu. "Mimi pia nilijua. Nilisema nikiitoa, jirani atafikiri sitaki aikanyage."

Fundi alitutazama mmoja mmoja. "Wazee, nyinyi mmeheshimiana mpaka mmechoma klachi."

Na kweli, alipoifungua, klachi pleti ilikuwa imeungua, inang'aa kama sahani iliyolambwa. Gurudumu la injini linaloshikana nayo lilikuwa na madoa ya buluu, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Pleti tuliweka mpya. Madoa tuliyaacha, fundi akatuonya kwamba yatatetemesha gari kidogo.

Mpaka leo huwa najiuliza kama ilikuwa ngozi peke yake. Wakati wa tope jeusi la mvua sote tulikuwa tukilazimisha gari kwa klachi nusu, na gambuti kweli ni nzito. Fundi hakusema, nami sikumuuliza.

Ngozi tuliipeleka nyumbani kwao, tukaieleza mimi na yeye kwa kupokezana, kama watoto waliovunja chungu. Mama aliinusa.

"Muiweke juu ya kiti," alisema. "Huko chini imenuka miguu."

Siku ya soko alipanda nasi kwenda Kajiado, akaikalia katikati yetu. Jirani alinitupia ufunguo. "Endesha wewe."

Nilikanyaga klachi mpaka chini kabisa. Gia ya kwanza ikaingia bila neno. Nikaachilia taratibu, na gari likatetemeka, kidogo tu, kisha likaondoka.

Mama alinigeukia. Nilihisi masikio yakipata moto.

"Ni barabara, yeyo," jirani alimwambia mama yake, akitazama nje ya dirisha.

Tulikuwa juu ya lami.